Maswali Ishirini Kutoka Busan

Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Shukriya binti Mahrous alitia saini fomu namba 001. Fomu hiyo ipo mpaka leo ndani ya kabati la chuma katika chuo kimoja cha Ibra, Oman. Jina lake ameliandika kwa herufi zilizosimama wima, kila moja peke yake, kama alivyofundishwa skuli Unguja, na mbele ya jina limepigwa chapa neno moja: Msomaji.

Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Alizaliwa Malindi, Unguja, akasoma hadi darasa la tano, akaletwa Oman na wazee wake mwaka 1973. Kwa miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi la kituo cha afya, akiandika majina, akitafuta mafaili na kuwaambia watu wakae, wataitwa. Alistaafu mwisho wa mwaka 2022. Mwaka uliofuata alijaribu kupumzika, na aliyeumia kwa mapumziko hayo ni mumewe, Khalaf, mzee wa miaka sitini na minane ambaye kwao ni Tabora, na ambaye hakuzoea kuulizwa kila asubuhi kama amekunywa dawa, ana miadi na nani, na kwa nini amechelewa. Aliwaambia wanawe kwamba amekuwa mgonjwa wa nje ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, Dokta Mazoon alipopiga simu kuuliza kama Bi Shukriya ana nafasi ya kazi ndogo ya miezi michache, Khalaf ndiye aliyepokea, na Khalaf ndiye aliyejibu kuwa nafasi anayo, tena anayo tele.

Mazoon ana miaka thelathini na minne na anafundisha uuguzi. Amezaliwa Ibra, mama yake amezaliwa Unguja, na masomo yake ya juu, miaka mitano, aliyafanya Busan, Korea. Huko alikuwa katika kundi la watafiti waliokuwa wakiipima hojaji ya Kikorea yenye sentensi ishirini. Hojaji hiyo haimpimi mtu kama anaumwa. Inapima anajua nini juu ya maradhi ya akili: dalili zake, kinachosaidia, kisichosaidia, na wapi pa kwenda. Kila sentensi hujibiwa kwa neno moja kati ya matatu: Ndiyo, Siyo, Sijui. Na hojaji yenyewe hupimwa kwanza kabla ya kuaminiwa, kama mizani ya dukani. Njia mojawapo ni kuwauliza watu, kungoja wiki mbili, kisha kuwauliza watu wale wale maswali yale yale. Anachokijua mtu hakibadiliki sana kwa wiki mbili, kwa hiyo mizani nzuri itatoa uzito ule ule, au unaokaribiana nao. Hojaji ya Kikorea ilipita. Mazoon alitaka kuijaribu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanawake wazee wa mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah ambao Kiarabu wanakitumia sokoni na ofisini, lakini wakihesabu, wakigombana au wakiumwa, hurudi kwenye Kiswahili.

Shukriya alikubali kabla hajaambiwa saa za kazi. Wanawake hao alikuwa amewaona sana dirishani kwake. Bibi huja na mjukuu wa kumfasiria. Daktari huuliza kwa Kiarabu, mjukuu huuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, bibi hujibu kuwa ni kichwa tu. Akitoka na panadoli zake, huegemea dirisha na kumwambia Shukriya kwamba hajalala tangu Ramadhani, kwamba hana hamu ya kitu chochote, na kwamba asiambiwe mtu, hasa huyu mtoto. Fomu ya mapokezi ilikuwa na nafasi ya namba ya kitambulisho na nafasi ya namba ya simu. Nafasi ya habari kama hiyo haikuwepo. Hojaji ya Kiswahili ikipita, Mazoon alimweleza, wauguzi wanaoijua lugha wataweza kuwasomea wazee wenyewe, wajue wanaelewa nini, na waanzie hapo kuzungumza nao, bila mjukuu kati.

Kazi ya tafsiri ilichukua wiki nne, mezani kwa Shukriya, baada ya chakula cha mchana. Mazoon alisoma Kikorea, akakieleza kwa Kiswahili cha nyumbani kilichochanganyika na Kiarabu, na Shukriya akakinyoosha. Mtu wa tatu aliyeko Nizwa, ambaye hakuonyeshwa ya asili, aliigeuza kwa Kiingereza ili Busan wakague kama maana imebaki. Karibu zote zilibaki. Moja ilileta ubishi. Sentensi ya kumi na sita ilimhusu karani wa ofisi ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akila chakula cha jioni peke yake. Shukriya alisema hii haifai. Wanawake wa Ibra wakisikia mtu anakula peke yake miezi mitatu, watauliza kwanza ndugu zake wako wapi, na swali litapotea hapo. Wakamgeuza karani awe mjane aliyeacha kwenda kwenye kahawa. Busan walikubali.

Kahawa ya Ibra si kinywaji peke yake. Karibu na saa nne asubuhi wanawake wa mtaa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakakaa chini kuzunguka sinia: tende, matunda, na kwenye nyumba za waliotoka Unguja na Pemba, vitumbua. Kikao cha Shukriya ni cha mtaa wa Alaya, na ingawa nyumba hubadilika, mwenye kikao ni mmoja: Bi Fawziya, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, aliyewafundisha hesabu nusu ya akina mama wa wilaya na anayezungumza nao mpaka leo kana kwamba madaftari yao bado yako kwake.

Masharti ya kazi yaliandikwa ukurasa mmoja. Msomaji asome tu. Asifafanue, asitikise kichwa, asikunje uso. Anayeulizwa awe peke yake chumbani. Majibu sahihi Shukriya hakupewa, asije akamsaidia mtu hata kwa bahati mbaya. Kwa haya yote yeye akaongeza sharti lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyemwomba: kwa wiki zote za kazi hatakwenda kwenye kahawa. Aliwajua wenziwe. Wangemtia finjani mkononi na kumchokonoa mpaka aseme analofikiri juu ya kila swali. Kwa hiyo alikunywa kahawa yake nyumbani, na Khalaf, ambaye alidhani kazi hii ingempa asubuhi za utulivu, akawa ndiye kikao.

Duru ya kwanza ilikwenda siku tano, Jumapili hadi Alhamisi, wanawake wanane kwa siku, arobaini kwa jumla. Khalaf aliendesha gari na kungoja nje na gazeti lake, na kwa kuwa hakuna nyumba iliyokubali mtu akae mlangoni bila kitu mkononi, alirudi kila jioni ameshiba na hataki chakula. Kila mazungumzo yalichukua dakika thelathini na tano, maana hakuna aliyekubali kujibu neno moja. Sentensi ikisema kwamba mtu mwenye wasiwasi mwingi huweza kuhisi moyo wake unakwenda mbio, bibi hutaka kujua kwanza ni moyo wa nani, ulianza lini, kisha husimulia kwamba shemeji yake naye ulimkuta hivyo hivyo. Shukriya alingoja, kisha akasoma tena. Majibu yalitawanyika kila upande, na Sijui zilikuwa nyingi. Bi Fawziya alisikiliza zote ishirini amefumba macho. Alipoyafumbua aliuliza amepata ngapi.

"Hakuna kupata wala kukosa, Bi Fawziya."

"Karatasi ina maswali ishirini, ina namba juu na jina chini, na umenifungia mlango nisione mtu. Halafu unaniambia si mtihani. Mimi nimefundisha miaka thelathini, Shukriya."

"Ni kazi ya chuo tu. Tarehe 29 nitarudi nikuulize tena."

"Yale yale?"

"Yale yale."

Bi Fawziya akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona jirani ameondoka bila kufunga duka.

Duru ya pili, kuanzia tarehe 28, ilikuwa nyepesi mno. Dakika kumi na mbili kwa mtu. Hakuna aliyeuliza moyo ni wa nani. Bi Zuwena wa mtaa wa Sufala alijibu swali la tatu kabla halijafika mwisho. Kufika adhuhuri kila siku kazi ilikuwa imekwisha, na Khalaf hakuwahi hata kufikia ukurasa wa michezo. Shukriya alifurahi. Alidhani wanawake wameshazoea sauti yake na utaratibu wa kazi, na kwamba ndivyo duru ya pili inavyokuwa. Alhamisi, tarehe 1 Februari, alimkabidhi Mazoon fomu themanini, zimepangwa kwa namba, hakuna hata moja iliyokunjika pembe.

Jumanne iliyofuata Mazoon alimwita chuoni. Kwenye skrini ya kompyuta alikuwepo Profesa Seo wa Busan, mkuu wa utafiti, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na daftari dogo mbele yake. Shukriya alimsalimu kwa Kiswahili, Mazoon akafasiri, profesa akainamisha kichwa. Kisha Mazoon, ambaye Kiswahili humponyoka akiwa na wasiwasi, akasema, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu, "Khalti, majibu yote imefanana."

"Si ndiyo tuliyotaka, yafanane?"

"Tulitaka mtu afanane na yeye mwenyewe. Hawa wamefanana wao kwa wao."

Akamgeuzia karatasi. Duru ya kwanza wanawake walipata kwa wastani tisa kati ya ishirini, kila mmoja kwa njia yake. Duru ya pili wastani ulikuwa kumi na sita, na safu nzima nzima za majibu zilikuwa sawa, mstari chini ya mstari, kama zilizoandikwa na mkono mmoja. Profesa Seo aliuliza maswali matatu kwa sauti ya upole. Fomu zilijazwa wapi? Nani alikuwepo? Tangu kujazwa mpaka kuletwa chuoni, zilikaa kwa nani? Mazoon alifasiri akiangalia meza. La tatu lilipofasiriwa, Shukriya alielewa. Kwa miaka thelathini na moja yeye mwenyewe alikuwa ameuliza watu kwa adabu maswali ambayo maana yake ilikuwa nyingine. Alikuwa anaulizwa kama fomu alizijaza mwenyewe.

"Mwambie nyumba arobaini, mara mbili, mbele ya wenyewe," alisema.

"Nimemwambia, Khalti."

"Mwambie tena."

Profesa hakumtuhumu. Alisema tu kwamba likizo ya mwaka mpya wa kwao inaanza Ijumaa, kwamba ripoti lazima itoke Alhamisi, na kwamba ikiwa jambo hili halina maelezo, sehemu ya Kiswahili itaondolewa. Wazee wa huku wataulizwa kwa Kiarabu, kwa msaada wa mtu wa familia, kama ilivyokuwa zamani. Na fomu zenye saini ya Shukriya zitabaki kabatini pamoja na sababu ya kukataliwa kwazo.

Ndani ya gari Khalaf alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sistimu yao inasema mke wangu kafoji?"

"Haijasema. Imeuliza."

"Mimi ni shahidi. Nimekaa nje ya nyumba arobaini, mara mbili. Mkono wangu wa dirishani umebabuka kwa jua."

Alitaka waandike barua Korea siku ile ile, na yeye atie sahihi ya dereva. Shukriya alimwambia aendeshe. Hasira hakuwa nayo bado, alikuwa anafikiri. Kila mwanamke alikuwa peke yake chumbani, hilo alilisimamia mwenyewe. Basi majibu yalikuwa yamefanana kabla yeye hajaingia mlangoni. Lililobaki ni kujua yalifananishwa wapi, na alipolifikisha swali hapo, hakuhitaji kulifikiri zaidi. Palikuwa na pahala pamoja tu ambapo wanawake wa Alaya walikaa duara kila siku, na ndipo pahala ambapo yeye, kwa uangalifu wake, alikuwa hajakanyaga kwa zaidi ya wiki tatu.

Jumatano saa nne alikuwa mlangoni kwa Bi Fawziya na sahani ya vitumbua. Shikamoo yake ilipokewa kwa marahaba ya baridi, na kwa robo saa alisimangwa. Mmoja alisema walidhani ameolewa upya. Mwingine alisema mtu akipewa kalamu na chuo husahau watu. Bi Fawziya aliwaacha wamalize, akamimina kahawa, kisha akatangaza kwa sauti ya darasani kwamba leo ni marudio, na wamefika la kumi na tatu.

Shukriya alibaki na kitumbua mkononi.

Wakamweleza, tena kwa fahari. Wiki ile ya kwanza tu waligundua kwamba wote wameulizwa mambo yale yale. Kila mmoja alikumbuka matatu manne; wakayaunganisha mpaka ishirini yakatimia, kwa mpangilio wake. Kisha maswali mawili kwa kila kahawa, siku kumi. Mwenye binti muuguzi alimpigia binti. Aliyesikia kipindi redioni alikileta. Bi Fawziya aliongoza, na palipokuwa na ubishi alikata shauri yeye.

"Lakini kwa nini, jamani?" Shukriya aliuliza.

Bi Fawziya alishangaa kuulizwa. "Wewe ndiye uliyetuchagua. Ungeweza kuandika majina ya watu wengine, umeandika yetu. Halafu tufeli, Wakorea waseme Shukriya kawaletea wajinga? Tukuaibishe?"

Hapo Shukriya alicheka, mpaka ikambidi aweke finjani chini. Lakini hakuwa mtu wa kuondoka na habari nusu. Aliuliza swali la nane lilikuwaje. Wakalisema kwa pamoja, kwa moyo: mtu mwenye ugonjwa wa huzuni akijikaza kuwa na furaha, atapona. Na jibu? Ndiyo, walisema wote. Hilo, Bi Fawziya alieleza, lilikula asubuhi nzima, kwa sababu Rayya alikataa katakata. Rayya alisema amejikaza mwaka mzima tangu kumzika mumewe, na kilichopata afya ni meno tu, kwa kuchekea watu. Waliokuwa upande wa Ndiyo walikuwa wengi, na Rayya akakubali kujibu hivyo ili asiharibu kazi ya wenziwe. Leo hayupo. Siku mbili baada ya ubishi ule alikwenda kuchukua miadi kwa daktari, na miadi yenyewe ilikuwa asubuhi hii.

"Na Sufala, la nane walisemaje?" Shukriya aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Bi Fawziya alikunja pua. Sufala, kwa kina Zuwena, walisema Siyo, habari zao anazo. Na wa mtaa wa Yahmadi hawakuelewana hata kidogo, wakaogopa kugombana, wote saba wakapatana waseme Sijui.

Shukriya aliaga kabla ubani wa kuagia wageni haujapitishwa, jambo ambalo pia alisimangwa kwalo. Nyumbani alichukua karatasi kubwa ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akaandika majina arobaini bila kuangalia popote, si kwa namba za fomu bali kwa vikao vya kahawa. Alaya kumi na nne. Sufala kumi na tano. Yahmadi saba. Wakabaki wanne wasio na kikao: mmoja kafanyiwa operesheni ya goti, mmoja anamuuguza mumewe, mmoja hushinda dukani kwake, na mmoja amenuniana na mtaa mzima tangu mwaka 2019.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Busan ikiwa saa saba mchana, alikuwa chuoni. Mazoon alitafuta swali la nane kwenye kompyuta, jina kwa jina, Shukriya akisoma kalenda. Alaya: Ndiyo kumi na nne. Sufala: Siyo kumi na tano. Yahmadi: Sijui saba. Mazoon aliendelea. La kumi na moja, la kumi na nne, la kumi na tisa: kila mahali majibu yalipogawanyika, mpaka wa majibu ulikuwa mpaka wa mtaa. Mwisho wakafika kwa wale wanne wasio na kikao. Hao duru ya pili walijibu karibu sawa na ya kwanza, sentensi kumi na saba au kumi na nane kati ya ishirini, kila mmoja akiwa na makosa yake mwenyewe.

"Khalti," Mazoon alisema, "kwa hawa wanne, mizani inafanya kazi."

Profesa Seo alipoelezwa aliomba karatasi ya kalenda iinuliwe mbele ya kamera. Aliitazama kwa muda, mstari baada ya mstari, ingawa hakuweza kusoma jina hata moja. Mtu anayejaza fomu mezani kwake, alisema, hakosei kwa namna tatu katika mitaa mitatu. Kisha akainamisha kichwa, chini zaidi kuliko siku ile ya kwanza, akamwomba Shukriya radhi. Kosa, alisema, ni la walioandika masharti. Busan waliulizwa watu wasiojuana, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuuliza watu wa Ibra hufanya nini saa nne asubuhi. Shukriya alijibu kwamba yeye alilijua hilo na hakulisema. Alijifungia nyumbani ili awe mwaminifu, na lau angekwenda kunywa finjani moja tu, angewasikia siku ya kwanza. Mazoon alifasiri yote. Profesa aliandika kitu daftarini, akauliza kama vikao vile vinaweza baadaye kuwa utafiti wa peke yao, maana kutoka tisa hadi kumi na sita kwa wiki mbili, bila mwalimu wa afya hata mmoja, ni jambo ambalo hajapata kuliona. Shukriya alisema hilo lina wakati wake. Kwanza wamalize hili.

Sehemu ya Kiswahili haikuondolewa. Wanawake wanne, profesa alionya, si ushahidi. Ni sababu ya kuendelea. Fomu themanini zimewekwa kando na maelezo ya nusu ukurasa yanayoitaja kahawa kwa jina. Watatafutwa wanawake wengine arobaini, kutoka Sur hadi Nizwa, mmoja tu kwa kila kikao, na kila mmoja ataombwa asiyataje maswali popote mpaka duru ya pili iishe. Na yote yakamilike kabla ya Ramadhani, inayotarajiwa karibu na tarehe 12 Machi, kwa sababu ndani ya mfungo saa za watu hugeuka zote.

Kumpasha habari Bi Fawziya kuliachiwa Shukriya. Alikwenda Jumamosi, kikao kikiwa kimetimia.

"Mtihani umefutwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Wanafunzi walisaidiana."

Kwa miaka thelathini Bi Fawziya alimsimamisha juani kila aliyechungulia daftari la mwenziwe, na wapo watu wazima Ibra ambao jua hilo bado wanalikumbuka. Wawili wao walikuwa wamekaa pale pale. Aliweka finjani chini taratibu.

"Wote?"

"Wote. Na Sufala pia."

"Hao nilijua," alisema, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na wale wawili wakacheka zaidi yake. Alipotulia alitaka angalau aambiwe jibu la nane. Shukriya, ambaye sasa alilikisia, alisema wangoje mpaka Machi. Mazoon atakuja kukaa nao na kuyapitia yote ishirini. Rayya, aliyekaa karibu na mlango, alisema yeye hangoji Machi. La nane alijibiwa na daktari Jumatano, na baada ya wiki mbili anarudi kwake tena. Wote wakamgeukia. Bi Fawziya alimsogezea sahani ya tende, akamwuliza daktari mwenyewe ni mtu wa wapi na anasikiliza vizuri au anaandika tu.

Siku zilizofuata Shukriya alishinda na simu. Swali lake kwa kila aliyempigia lilikuwa moja, na halikuwa la afya: unakunywa kahawa na nani? Mwanamke mmoja wa Bidbid alifikiri anachunguzwa na wakwe. Mwingine wa Samad Ash Shan alitaja vikao viwili, cha asubuhi na cha alasiri, akaachwa. Kufikia Alhamisi, tarehe 15 Februari, Shukriya alikuwa na majina thelathini na sita, hakuna wawili wa sinia moja. Wanne bado anawatafuta Nizwa.

Jumapili, tarehe 18, saa moja asubuhi, Khalaf atampeleka Sur. Saa tatu atasoma sentensi ya kwanza kwa mwanamke ambaye hawajawahi kuonana, na tarehe 3 Machi atarudi kumsomea tena.